Kipolandi, wahitimu 15 na hesabu isiyowaona wanafunzi

Mwaka 2025 bunge la jimbo la Indiana, Marekani, lilichomeka ndani ya sheria ya bajeti kifungu kifupi chenye meno. Shahada ya kwanza katika chuo cha umma iwe na wahitimu 15 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitatu. Uzamili 7, uzamivu 3. Programu isiyofikisha idadi hiyo iombe ruhusa ya kuendelea, la sivyo ifungwe. Kufikia mwisho wa Juni vyuo vya jimbo hilo vilikuwa vimekubali vyenyewe kufuta, kusimamisha au kuunganisha programu zaidi ya 400, na idara za lugha zilikuwa miongoni mwa zilizoumia.

Jimboni humo, kwenye Chuo Kikuu cha Indiana mjini Bloomington, kuna kituo cha masomo ya Polandi kilichoanzishwa mwaka 1976. Wakati huo huo Chuo Kikuu cha Warsaw kilifungua kituo cha masomo ya Marekani, nipe nikupe, katikati ya Vita Baridi. Kipolandi hakifi kesho: wazungumzaji wake ni mamilioni kwa makumi. Wala hakina soko la Kihispania au Kichina. Ndiyo maana kinafaa kuupimia mjadala huu wa kama chuo cha umma kiendelee kufundisha lugha yenye wanafunzi wachache.

Wanaotaka kisu kipite wana hoja, na si wote wanaochukia elimu. Ada za Marekani zinatisha, na kijana anahitimu akiwa na deni la miaka. Mwalimu wa Kipolandi mwenye wanafunzi sita analipwa na mlipa kodi yuleyule ambaye mwanawe anakosa nafasi katika darasa la uuguzi. Halafu kuna suala la muda. Taasisi inayowafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria saa 1,100 za darasani kwa Kipolandi; Kiswahili inakipa 900. Mwanafunzi wa chuo anayesoma saa nne kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, atahitaji zaidi ya miaka tisa. Kwa nini basi asipande ndege akasome Kraków, kwenye Chuo Kikuu cha Jagiellonian, kilichopo tangu 1364, ambako hata muuza mkate ni mwalimu? Na Wamarekani wenye asili ya Polandi ni zaidi ya milioni 8. Wachange, wasomeshe lugha ya babu zao.

Hoja ya muda ni nzito kweli, na siipuuzi. Hoja ya mchango ndiyo inayonisumbua, kwa sababu ilishajaribiwa. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha kiti cha uprofesa wa fasihi ya Kipolandi, kikapewa jina la mshairi Adam Mickiewicz. Fedha zilitoka kwa serikali ya kikomunisti ya Warsaw. Wapolandi wa Marekani wakaja juu, na mwalimu mmoja wa hapo hapo, Arthur Coleman, akajiuzulu kwa kupinga. Akaenda kuongoza Alliance College kule Pennsylvania, chuo kilichojengwa na jumuiya ya Wapolandi wenyewe. Chuo hicho nacho kilifunga milango mwaka 1987. Kwa hiyo njia zote mbili tumeziona: mfadhili wa kiserikali anakuja na macho yake, na mchango wa jumuiya unapungua kadiri wajukuu wanavyosahau lugha. Kiti chenye mfuko wa kudumu kinasaidia, na Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago kinavyo viti vya namna hiyo. Lakini si kila mji ni Chicago.

Kuna jambo jingine ambalo mchango wa mashabiki haulinunui. Tarehe 10 Julai 1941, katika mji mdogo wa Jedwabne nchini Polandi, uliokuwa umekaliwa na Wanazi, Wapolandi waliwaua majirani zao Wayahudi, wengi wao wakichomwa ndani ya ghala la mkulima. Aliyelifanya jambo hilo lizungumzwe Polandi nzima alikuwa mwanahistoria Jan Gross, mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifundisha New York. Mwaka 2018 bunge la Polandi lilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaolibebesha taifa hilo jinai za Wanazi. Kipengele cha kifungo kiliondolewa miezi michache baadaye, baada ya kelele za dunia. Historia ya nchi huhitaji mahali pa kusomewa nje ya ua wa nyumba, na msomaji huyo wa nje lazima aijue lugha, vinginevyo atabaki kusoma alichotafsiriwa.

Sasa nirudi kwenye ile 15, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Inahesabu vyeti. Mwanafunzi wa uhandisi aliyekaa miaka miwili kwenye darasa la Kipolandi kwa sababu bibi yake hasikii Kiingereza, haonekani. Wa historia anayejifunza kusoma nyaraka za Warsaw anahesabiwa kwenye historia. Darasa linaweza kujaa mwaka mzima na mwisho likatoa mhitimu mmoja, au sifuri, kwa kuwa lugha ndogo karibu kila mahali husomwa kama nyongeza ya shahada nyingine. Ni sawa na kupima kazi ya kisima kwa kuhesabu waliochimba.

Na miaka miwili si kitu kidogo. Mwanafunzi anaanza na Kraków. Akienda, ni do Krakowa. Akiwa ndani yake, w Krakowie. Akiwa jirani nao, pod Krakowem. Wiki ya tatu anakaribia kulia. Sisi tuliozoea nyumba ikageuka nyumbani tunamwelewa kidogo. Baadaye anajifunza kwamba mtu asiyemzoea haambiwi “wewe”. Ni pan au pani, kama bwana na bibi. Mtambo wa kutafsiri utampa neno. Hautamwambia kwamba mwaka 1901, mjini Września chini ya Wajerumani, watoto walichapwa viboko shuleni kwa kukataa kujifunza dini kwa Kijerumani, na kwamba ndiyo sababu mzee wa Chicago anakunja uso akisikia kijana akiidharau sarufi.

Sisi pia tumo. Bloomington hufundisha Kiswahili, na mizani iliyoletwa kwa Kipolandi haitabadilishwa kikifika chetu. Tena Tengeru, karibu na Arusha, yapo makaburi 149 ya wakimbizi wa Kipolandi, sehemu ya watu wapatao 5,000 walioishi hapo miaka ya 1940 baada ya kuhamishwa na Wasovieti hadi Siberia na kutokea Iran. Mtanzania akitaka kuisoma historia hiyo ya kijiji chake kwa maneno ya waliokuwamo, atahitaji Kipolandi.

Njia ya kati ipo. Vyuo vya umoja wa Big Ten, Indiana ikiwemo, vimezoea kugawana madarasa ya lugha ndogo kwa video: mwalimu yuko chuo kimoja, wanafunzi wanne wako kingine. Gharama inagawanyika, darasa linajaa. Ningeliunga mkono hilo hata leo, ila kuna kasoro moja. Wanafunzi wale wanne nao watahitimu uhandisi, historia, uuguzi, na kwenye safu ya wahitimu wa lugha wataandikwa sifuri.