Miamba ya Mchanga ya Ziwa Albert: Sifa Njema na Gharama Zake

Tangu Uganda ithibitishe mwaka 2006 kwamba ina mafuta ya kutosha kuchimbwa kibiashara, miamba ya mchanga ya bonde la Ziwa Albert imesifiwa sana, na kwa haki. Tabaka hizo, hasa za eneo la Tilenga, hazikufukiwa kina kirefu, hivyo hazikugandamizwa sana wala kuzibwa na madini yanayoota kati ya chembe kwenye joto kali. Kipande cha mwamba wa aina hiyo kikisuguliwa kwa vidole humomonyoka, na mafuta hupata nafasi pana za kukaa na kupita.

Hata hivyo, kati ya mapipa takriban bilioni 6.5 yanayokadiriwa kuwamo ardhini, yanayotarajiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4, yaani karibu moja ya tano. Statfjord, eneo la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, ina mchanga wa enzi ya Jurasiki uliofukiwa chini zaidi, na bado imetoa zaidi ya asilimia 60 ya mafuta yake. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba mwamba si hoja, hoja ni mafuta yenyewe, ambayo nchini Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto.

Nadhani pande zote mbili zinatenganisha mambo yenye chanzo kimoja. Kina kifupi kilichohifadhi nafasi za mwamba ndicho pia kinachoyaacha mafuta katika joto dogo na shinikizo dogo, yakawa mazito. Maji yanayosukumwa chini ili kuyafukuza hukimbilia njia rahisi zaidi na kuyaacha mengi nyuma, na kadiri tabaka moja la mchanga linavyopitisha maji kwa urahisi zaidi kuliko jirani yake, ndivyo maji yanavyowahi kufika kisimani. Zaidi ya hayo, mito na ziwa la kale vilipanga mchanga huo kwa matabaka yanayokatwa na udongo wa mfinyanzi na mipasuko ya Bonde la Ufa. Ndiyo maana Tilenga pekee imepangiwa visima zaidi ya 400. Chembe zilizolegea nazo huingia kisimani pamoja na mafuta, zikila vyuma na kudai vichujio.

Kwa hiyo sampuli nzuri ya maabara haitoshi kuupa mwamba alama ya juu. Serikali ya Uganda ingefaa kuchapisha, kwa kila kisima, kiwango cha maji na mchanga kinachotoka pamoja na mafuta, kwa sababu hapo ndipo ubora wa mwamba unapopimika.