Kufungua nchi bila chanjo: masharti ya Kenya yalishika wapi?

Julai 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa kuanzia kesho yake watu wangeruhusiwa tena kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera, zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Chanjo ya kwanza ya korona ilifika nchini Machi 2021. Karibu miezi minane, basi, kinga ilikuwa masharti tu.

Waliotaka nchi ifunguliwe walikuwa na hoja nzito. Mama mboga na mtu wa mjengo hula walichopata siku hiyo, na kafyu ilikuwa imekula saa za jioni, ambazo muuza chapati ndipo huona wateja. Waliopinga nao hawakuwa waoga tu. Mwenye korona huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili, na wodi hujaa wiki kadhaa baadaye. Anayesema wiki ya pili kwamba "tumefungua na hakuna kilichotokea" amepima mapema mno.

Mimi ningetazama masharti yenyewe. Gari la matatu la abiria 14 liliruhusiwa kubeba 8. Viti sita vitupu ni asilimia 43 ya nauli, na mafuta ni yale yale. Kwa hesabu hiyo makanga ana njia mbili: apandishe nauli, au ajaze gari akishapita kizuizi cha polisi. Kibaya zaidi, sharti lilihesabu vichwa likasahau hewa. Mvua ikinyesha madirisha hufungwa, na hao wanane wanavutiana pumzi safari nzima.

Nyumba za ibada zilipewa watu 100, saa moja, umri wa miaka 13 hadi 58. Wazee walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini hiyo saa moja ndiyo iliyokuwa na akili: hewa ya ndani hulimbikiza virusi kadiri watu wanavyokaa. Kipimajoto cha mlangoni, kwa upande wake, kilituliza roho kuliko kilivyokamata wagonjwa. Asiye na dalili hupita, na aliyetembea juani huzuiwa bure.

Shule ndizo zilizofunguliwa kwa mpango mzuri zaidi. Oktoba 12 walirudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao, kwa hiyo madarasa ya wenzao yalikuwa wazi na mkondo mmoja uliweza kugawanywa vyumba viwili. Januari 4, 2021, wote wakarudi. Vyumba vya ziada havikuwepo tena.