Kwa macho ya wazee, Waingereza wametuzidi

Sisi tulioko ughaibuni hatuchoki kuwasema Waingereza kwamba wametupa wazee wao. Mimi kwenye suala la macho naona wametuzidi, na sababu moja ni huo huo upweke tunaousema.

Mzee wa hapa mjini Reading, Uingereza, anaishi peke yake. Anaendesha gari mwenyewe, na sheria inamtaka aweze kusoma namba ya gari lililo mita 20 mbele yake. Barua za benki anasoma yeye. Jicho likianza kuharibika anakwama, anakwenda kupima, na akishatimiza miaka 60 kipimo ni bure.

Mama yangu Tanga hakwami. Meseji anasomewa na mjukuu, mchele unachambuliwa na dada wa kazi, akienda msibani kuna wa kumshika mkono. Akijikwaa kizingitini tunasema uzee huo. Kumbe tunamlea na ugonjwa wake, miaka inakwenda.

Angekuwa na mtoto wa jicho tu, nisingelalamika sana. Huo kwa kawaida hata ukichelewa, daktari anatoa lenzi iliyoingia ukungu, anaweka ya bandia, mzee anaona. Lakini mama ana presha ya macho (glaucoma), na hiyo ni habari nyingine. Inaua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kilichokufa hakirudi. Matone yanalinda kilichobaki, basi. Ndiyo maana wazee wengi huyaacha: wanatia kila siku na hawaoni nafuu. Na sisi watu weusi inatupata zaidi, tena mapema.

Halafu inatembea kwenye damu ya ukoo. Hapa, kwa kuwa mama anayo na mimi nimevuka 40, napimwa bure. Yaani ugonjwa wa mama umenipa haki Uingereza, wakati wadogo zangu wa tumbo moja, wanaokaa naye nyumba moja, hakuna aliyewaambia wakapime!

Sisemi mzee wa hapa ana raha. Jirani yangu ana fimbo nyeupe na saa inayotaja wakati, ila hana wa kumwambia shati lake lina doa.

Lakini mkituma pesa ya Idi, ongezeni nauli ya kliniki ya macho, kwa mzee na kwa watoto wake. Na waombe kupimwa presha ya ndani ya jicho na ule mshipa wa fahamu. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi, maana presha ya macho kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni, na mwenye nayo anaweza kuzisoma zote hadi mstari wa chini.