Kutenganisha taka sawa, ila gari ni lile lile

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anataka sisi wa Arusha tutenganishe taka majumbani. Sawa, lakini gari linalopita mtaani kwetu Sombetini lina bodi moja tu: maganda ya ndizi, pampasi, chupa za maji, vyote vinarushwa humo humo, safari ya dampo la Muriet. Sasa nitenganishe ili iweje? Wanaotenganisha kweli ni vijana wa viroba vya kubebea, wanaowahi kuokota chupa za kuuza alfajiri kabla gari halijafika, na hakuna anayewataja. Wapewe sehemu ya kupimia mzigo kila kata, na mabaki ya soko la Kilombero yawe mboji. Halafu ratiba ya gari ibandikwe ofisi ya mtendaji jamani. Ada tunalipa kila mwezi, gari likija ni bahati.