Mchezaji wa Chuo Alipwe, na Mkataba Apewe Mkononi

Mei 2022, Nick Saban, kocha aliyeipa Alabama mataji sita ya taifa ya futiboli ya Kimarekani, alisimama mbele ya wafanyabiashara mjini Birmingham akasema chuo cha Texas A&M kimenunua kila mchezaji kiliyemsajili. Kesho yake Jimbo Fisher, kocha wa A&M, akaita waandishi wa habari na kumjibu kwa maneno ambayo bibi yangu asingependa kuyasikia. Wazee wawili, kila mmoja analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, wanatoleana macho kwa sababu vijana wa miaka 18 wamepata hela.

Kilichofuata kinachekesha kidogo. Kundi lile la A&M, lililotajwa kuwa bora kuliko yote nchini kwa usajili, lilimaliza msimu na ushindi wa mechi 5 na vipigo 7. Novemba 2023 Fisher akatimuliwa, na chuo kikalazimika kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aende zake. Sijasikia mtu akilia kwamba hela hizo zimeharibu roho ya elimu. Fisher alikuwa na mkataba, basi, na mkataba ukaheshimiwa.

Mimi niko upande wa wachezaji, niseme mapema. Walipwe. Ninachogombana nacho ni namna walivyoanza kulipwa, kwa sababu ndiyo iliyouvuruga usajili, na fedha zenyewe zimebebeshwa lawama isiyo yao.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1955 kijana aitwaye Ray Dennison alifariki baada ya kuumia kichwa akiichezea timu ya chuo cha Fort Lewis, jimbo la Colorado. Mjane wake akadai fidia kama anavyodai mjane wa mtu aliyekufa kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ikamkatalia: chuo, ilisema, hakiko kwenye biashara ya futiboli. Nenda leo kwenye uwanja wa Michigan, unaobeba watu zaidi ya 100,000, useme hiyo si biashara. Hata muuza soda atakucheka.

Lakini kwa msimamo huo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliishi miaka mingi. Mchezaji alipewa ada, chakula na malazi. Akipokea kitu kingine pembeni, ni kosa. Reggie Bush alirudisha Heisman, tuzo yake ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 2010 kwa sababu hiyo, na akarudishiwa Aprili 2024, wakati wadogo zake wanavuna mamilioni hadharani. California ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wachezaji kuuza jina na sura zao mwaka 2019, majimbo mengine yakafuata. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu manufaa ya kielimu. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, NCAA ikafungua mlango. Ilifungua kwa kusukumwa, haikuwa na mpango wowote.

Na hapo ndipo mchezo ulipoharibika. Kwenye karatasi, mchezaji alilipwa kwa tangazo la biashara tu, na hela ilikuwa marufuku kutumika kama chambo cha usajili. Chuo chenyewe kilikatazwa kulipa. Basi mashabiki matajiri wakaunda vikundi vyao, wakachangishana, wakawa wao ndio wanaolipa. Kocha anakwenda nyumbani kwa kijana, anakula chakula cha mama mtu, anasifia maktaba na kanisa la chuo. Hela hataji. Akishaondoka, simu inalia, na anayepiga si mwajiriwa wa chuo. Kila mtu anajua kinachoendelea na hakuna mwenye sahihi. Februari 2024 jaji wa shirikisho huko Tennessee aliizuia NCAA kuendelea kuwaadhibu wanaojadili hela wakati wa usajili. Sawa, lakini kwa karibu miaka mitatu biashara ilikuwa imeendeshwa kwa ahadi za mdomo na vikaratasi vya ajabu ajabu.

Mwangalie Jaden Rashada. Kijana wa California, mrusha mpira hodari. Alikuwa ameahidi kwenda Miami, akageuka kuelekea Florida, na nyuma ya kugeuka huko kulikuwa na makubaliano ya dola milioni 13.85 na kikundi cha mashabiki. Desemba 2022, kabla hajaingia hata darasani, kikundi kikayafuta. Akaomba kuachiwa, akaenda Arizona State. Mwaka 2024 akamshitaki kocha wa Florida na wenzake, akidai alidanganywa. Au Matthew Sluka wa UNLV, chuo cha Las Vegas: Septemba 2024 timu imecheza mechi tatu, imeshinda zote, yeye ndiye anayeiongoza, akaondoka. Wakala wake alisema aliahidiwa dola 100,000 na hakuziona. Chuo kikasema hakuna ahadi rasmi iliyotolewa. Wote wawili huenda walisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Fundi anayepaka rangi ukuta wa bweni la chuo kile ana hati ya kazi yenye sahihi mbili.

Wanaolalamika watakwambia matajiri sasa wanasomba vipaji vyote. Kwani zamani ilikuwaje? Alabama, Clemson na Ohio State zilikuwa zinabeba vijana bora mwaka baada ya mwaka wakati mchezaji halipwi senti. Oktoba 2024 Vanderbilt, chuo ambacho kwa futiboli kilikuwa cha kuchekwa, kiliifunga Alabama iliyokuwa namba moja, 40 kwa 35. Aliyeiongoza ni Diego Pavia, kijana aliyehamia pale kutoka New Mexico State. Zamani mchezaji aliyehama kwa kawaida alikaa benchi mwaka mzima kwa kosa hilo; sharti hilo lililegezwa 2021 na kufikia 2024 likawa limekwisha kabisa. Kuhama kila msimu kunachosha mashabiki, nakubali, hata mimi nashindwa kukumbuka nani yuko wapi. Dawa yake klabu za mpira wa miguu wanaijua: mkataba wa miaka, na anayemtaka mchezaji kabla ya muda alipe fidia. Vyuo vimesitasita kuinywa dawa hiyo kwa sababu anayesaini mkataba wa namna hiyo anaanza kufanana na mwajiriwa, na mwajiriwa ana bima na chama cha wafanyakazi.

Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishitaki NCAA. Dola bilioni 2.8 za malimbikizo kwa wachezaji wa zamani, na kuanzia Julai chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja mpaka takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Ni hatua, sasa angalau anayelipa anajulikana. Sehemu kubwa ya hela hizo inakwenda kwa futiboli, inayofuata kwa mpira wa kikapu wa wanaume. Riadha inaokota makombo.

Hapo kwenye riadha ndipo tunapoingia sisi. Vijana wa Afrika Mashariki wamesajiliwa na vyuo hivyo tangu zamani. Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga walikimbilia chuo cha Texas kule El Paso. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Enzi hizo riadha yote ilikuwa ya ridhaa, kwa hiyo hakuwa peke yake katika kukosa. Kwa Edward Cheserek utetezi huo haupo. Alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, akamaliza 2017, miaka minne kabla ya mlango kufunguliwa.

Leo kuna Doris Lemngole wa Alabama, aliyekimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15 kwenye mashindano ya NCAA mwezi Juni 2025. Kuna Pamela Kosgei wa New Mexico, aliyebeba mita 5,000 na 10,000 kwenye mashindano hayo hayo. Wanaruhusiwa kulipwa? NCAA inasema ndiyo. Uhamiaji unasema subiri kwanza. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, inamruhusu mwanafunzi kazi ndogo ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kupiga picha za tangazo la viatu ni kazi nyingine, na anayekamatwa anaweza kupoteza viza.

Oscar Tshiebwe alilijua hilo vizuri. Mtoto wa Lubumbashi, mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo vyote Marekani, akiichezea Kentucky. Wenzake wakawa wanatangaza magari na chakula huku yeye ametulia. Agosti timu ikaenda Bahamas kwa mechi za kujipima nguvu. Kwa kuwa kule si ardhi ya Marekani, Tshiebwe akafanyia kazi zake za matangazo huko: picha, video, kusaini vitu vya kuuza. Vyombo vya habari vilikadiria alipata kama dola 500,000. Mchezaji bora wa nchi nzima ilibidi atoke nje ya nchi hiyo ndipo aguse jasho lake.

Mkimbiaji wa mbio za nyika hapelekwi Bahamas. Na makubaliano ya House yameleta jambo jingine: ukomo wa idadi ya wachezaji, 17 tu kwa timu ya mbio za nyika. Nafasi zikipungua, kocha hataki kijana wa kulea miaka mitatu, anataka aliyekwisha iva, na ndiyo maana mawakala wanazidi kuzunguka Iten na Eldoret wakiwa na saa zao mkononi. Wamarekani wananung'unika kwamba wageni wanachukua nafasi za watoto wao. Wanung'unikie makocha wanaolipwa kwa kushinda.

Mzazi wa Iten au Mbulu atakayefuatwa na wakala, mimi ningemwomba aulize mambo haya kabla ya kufurahia tiketi ya ndege. Ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja au wa miaka minne? Mtoto akivunjika mguu mwezi wa pili, nani anatibu na ada inaendelea? Kocha akihama, je? Hela inayotajwa inatoka chuoni au kwa shabiki fulani, na mwanasheria wa viza ameiona? Halafu majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala moja ibaki nyumbani.