Kata haro, trekta iache ilivyo

Nimeshaona fundi akiwasha tochi ya gesi ili apanue matundu ya mikono ya nyuma ya Ferguson TE20, ile trekta ndogo ya kijivu iliyotengenezwa kuanzia 1946 hadi 1956. Matundu yale yanapokea pini ya milimita 22, na haro iliyoletwa (zana ya safu za sahani za chuma zinazovunja na kulainisha udongo), ya trekta kubwa, ilikuwa na pini za 28. Roho iliniuma. Ukipanua, haro itaingia, ndiyo, lakini plau na kila zana ndogo uliyo nayo itabaki ikichezacheza humo.

Badala yake badilisha haro: pini zake zinaweza kung'olewa. Weka nyembamba, kisha sogeza ndani masikio yake, yaani vyuma vinavyoshika pini, maana mikono ya trekta ndogo inataka nafasi ya sentimita 68 hivi, wakati zana ya kundi la pili, la trekta kubwa, imeachiwa kama 82. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa anayejua kuchomelea. Trekta isiyo na mikono ya kunyanyua haihitaji hata hayo: haro ivutwe kwa nyuma tu.

Kinachowashinda wengi ni sahani. Injini ya farasi 20 na kitu haivuti sahani 20 kwenye udongo mzito, na hata ikizivuta, ukiinyanyua haro mwishoni mwa mstari magurudumu ya mbele yanapaa. Unakata kona, usukani unazunguka, trekta inaenda inakotaka yenyewe.

Kwa hiyo punguza. Mimi nilikosea: nilitoa sahani mbili za kulia pekee, eti ndiko zilikokuwa zinagusa tairi. Haro ikaanza kuvuta upande kama mbuzi aliyefungwa kamba. Safu mbili za mbele zinatupa udongo nje, mbili za nyuma zinaurudisha ndani, na nguvu hizo zinauana pale tu zinapolingana. Toa moja kila safu, zote nne, ya mwisho kabisa kwa nje. Ila upana usishuke chini ya nyayo za matairi, la sivyo utaacha mistari miwili migumu shamba zima.

Nati ya mwisho wa ekseli ile ya mraba inayoshika sahani za safu itakataa, tena sana. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu, usipige nyundo kwenye nyuzi. Na ekseli usiikate bado! Jaza pengo kwa kipande cha bomba, kaza nati, kajaribu shambani.

Utashangaa: sahani zimepungua lakini trekta bado inalia. Fremu haijapungua uzito, na sasa umegawanywa kwa sahani chache, kwa hiyo kila moja inazama zaidi. Nyoosha safu kidogo, ule mshazari wake upungue, injini itapumua. Yangu ilituliza sauti nilipozisogeza safu tundu moja tu. Ekseli nimeikata msimu uliofuata.