Taa kuwaka si kipimo

Kwenye mlango wa boksi la umeme la nyumba ya kupanga huku Uingereza hubandikwa karatasi ndogo: tarehe ya ukaguzi uliopita na ya ukaguzi ujao. Karatasi hiyo inanifurahisha kuliko vitu vingi vya nchi hii. Sheria ya England ya 2020 inamtaka mwenye nyumba apimishe nyaya angalau kila miaka 5, mpangaji apewe nakala ya majibu. Majibu yenyewe ni tarakimu, si neno la fundi kwamba iko sawa.

Nyumbani Uganda tuna kipimo kimoja: taa inawaka.

Najua mtakavyosema. Mtu wa kyeyo, wa vibarua vya ughaibuni, kaona karatasi moja, sasa anatudharau. Sidharau. Fundi wa Jinja au Mbale anachimba ukuta wa tofali za kuchoma kwa patasi na nyundo, mfereji ukanyooka kama uzi. Tena desturi yetu ya kupitisha nyaya ndani ya paipu ni bora kuliko yao: huku kebo hufukiwa kwenye plasta, na siku ya kuibadilisha ukuta hupasuliwa upya. Kwetu unafunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, unavuta. Uhodari tunao. Kinachoniuma ni kwamba kazi yote hiyo haipimwi.

Chukua nyumba za Jinja za enzi ya kufunguliwa kwa bwawa la Owen Falls, 1954. Nyaya za wakati ule zilivikwa mpira. Mpira ukipikwa na joto la balbu miaka 60 hukauka ukawa kama biskuti. Usipoguswa, taa inawaka. Siku unabadilisha kishikio cha balbu, unakunja waya kidogo tu, ganda linapukutika na shaba inabaki uchi juu ya mbao za dari. Kukata kipande hicho na kuunganisha kwa utepe hakusaidii, maana mita mbili mbele ganda ni lile lile. Vuta waya mpya hadi kwenye boksi. Nyingine kati ya nyumba hizo zilitegemea paipu ya chuma iwe ndiyo waya wa ardhi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Viungo vikishika kutu, ardhi imekatika, na taa bado inawaka.

Halafu fyuzi. Ya ampea 5 imekatika, mtu anatia uzi wa shaba kutoka kebo chakavu. Kuanzia hapo kinachoungua kwanza ni waya wa ukutani. Na bafuni tumefunga hita ya maji ya kilowati 5.5, inayovuta karibu ampea 23, kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 uliowekewa balbu! Hita inataka njia yake yenyewe: waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32.

Rangi nazo ziangalieni. Katika nyaya mpya bluu ni nyutro, waya unaorudisha umeme. Katika nyumba ya zamani yenye fezi tatu, bluu ni fezi, waya unaoleta umeme, inaua. Pima kwanza, ndipo ushike.

"Pesa utatuma wewe?" Swali la haki. Basi usibadilishe yote kwa mkupuo. Anza na fimbo ya ardhi ya mita 1.2 na breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Ardhi ikipima ukinzani wa zaidi ya ohmu 200, na kwenye udongo mkavu wa murram itazidi, piga fimbo ya pili mbali na ya kwanza kwa urefu wa fimbo au zaidi. Kisha njia ya bafu na jiko, mwisho taa. Breka hiyo itakatakata kwenye nyaya chakavu, na atakuja mtu aseme ni mbovu, aunganishe nyaya bila kuipitia. Mkatalie. Inakuonyesha pale ganda lilipokufa.

Dukani, kwaruza waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Pima na uzito. Roli ya mita 100 ya milimita za mraba 2.5 ina shaba ya zaidi ya kilo 2.2, bila kuhesabu ganda. Ikiwa nyepesi, irudishe.

Kazi ikiisha, kabla ya kuwasha, zima meini, yaani swichi kuu, toa balbu, chomoa friji na televisheni, la sivyo mashine ya kupimia ganda la nyaya itaziunguza na majibu yatakuwa ya uongo. Unganisha fezi na nyutro, pima dhidi ya ardhi kwa volti 500. Chini ya megaohmu 1, yaani ohmu milioni moja, hujamaliza kazi. Waya mpya hutoa mamia.

Na asiniambie mtu kwamba mashine hiyo ni ghali. Mafundi kumi wa mtaa mmoja wakichanga, wanainunua moja na kupokezana. Tunachanga kwa harusi kila wiki.